Stendi Iliyokataa Kushuka

Juzi nilipita Mandewa, kwenye gereji wanakonyoosha bodi za magari, harufu ya kabaidi ikanipiga puani nikasimama kama nimeitwa. Kama huijui, ni mawe ya kijivu. Ukiyatia maji yanatoa gesi ya kuchomelea, na gesi yenyewe inanuka kitunguu saumu kilichooza. Watu wanaziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka mjukuu wangu akanivuta kanga. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu.

Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni ilirudi madukani, baba akarudi nyumbani. Karakana aliyofanyia kazi Manyoni ilipunguza watu, naye mguu wake wa kulia uliwahi kuangukiwa na chuma, basi naye akapunguzwa. Akatuhamishia Mkiwa, njia panda, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne. Macho ya baba moto ulikuwa umeshayala, kwa hiyo akanivalisha miwani myeusi iliyonifika mdomoni, akanifundisha kuchomelea.

"Usiwe na haraka, mama," aliniambia. "Chuma kikitoa jasho, ndipo utie waya." Na nikikosea: "Kazi inayocheza ni kazi ya mlevi." Alikishika kitu nilichounga, akakitikisa, kikicheza hata kidogo, anakitupa chini. Nililichukia neno kucheza, mimi mtoto!

Baiskeli inatengenezwa kwa kuchuchumaa, na baba hakuweza. Asubuhi alisimama vizuri. Mchana mguu ukivimba, lazima akae. Akabuni stendi ya kuning'inizia baiskeli: bomba jembamba ndani ya bomba nene, matundu ubavuni, na msumari wa kupitisha. Asubuhi unaipandisha, mchana unaishusha. Mzee mmoja wa mkaa, mteja wetu, akapita akacheka: "Fundi, stendi umejenga, mabasi yako wapi?"

"Yanakuja," baba akamjibu. "Kaa usubiri, wewe si umezoea kukaa?"

Siku moja baba alikwenda zahanati, akaniachia niunge miguu ya stendi tu. Nikaiunga. Nikaitikisa. Chini imara; lakini juu, lile bomba jembamba linacheza ndani ya lile nene! Nikaona baba kapitiwa. Nikawasha moto, nikasubiri jasho, nikazungusha waya pale mabomba yanapokutana. Sijawahi kuunga vizuri namna ile, mistari imelala kama nywele zilizosukwa. Kabaidi ya mwisho ikaishia hapo.

Baba alirudi, akachomoa msumari, akasukuma bomba lishuke. Akasukuma tena. Akainama, akapapasa kiungo changu kwa kidole gumba, akazunguka mpaka alipoanzia.

"Haichezi," nikasema.

"Haichezi, mama," akasema. "Hapa hata maji hayapiti."

Kichwa kikavimba. Miaka miwili alisimama pale toka asubuhi hadi jua kuzama, baiskeli zikining'inia usawa wa kifua chake, kila mteja akiambiwa, "Kaunga binti yangu." Jioni mama alimkanda kwa maji ya chumvi, naye kauma meno. Kosa langu nililijua baada ya wiki moja, sikuwa mjinga. Lakini tupa zetu za kukwangulia chuma zilikuwa butu, nikajiambia ndiyo basi, halitengenezeki.

Mguu ulipogoma kabisa, akalala, kibanda nikakishika mimi. Nikitafuta spana ndani ya sanduku la bati alilotoka nalo Manyoni, lile asilotaka tuliguse, nikakuta tupa kubwa, mpya, kali, imepakwa grisi. Nilianza kukwangua kile kiungo baada ya chai. Adhana ya adhuhuri ilinikuta bomba limeshuka. Nusu siku tu!

Niliingia ndani na vumbi la chuma mikononi, nikamwuliza mbona hakukikwangua kile kiungo. Akageukia ukutani.

"Ilikuwa kazi nzuri," akasema.

Nimelea watoto sita kwa kuchomelea, na sifa hiyo sikuiazima kwa mtu. Lakini sasa magoti yangu nayo yanavimba mchana, ndipo najua miaka miwili ya kusimama ina urefu gani. Siku nyingine namshukuru. Siku nyingine, nikichoka, natamani nimpate nimgombeze: baba, mimi kiungo kingine ningekiunga kesho yake, mguu wako nani angeuunga?