Blanketi la Mpiga Besi

"Mama, friji lako linanguruma mpaka kwenye gitaa langu!" jirani yangu, mpiga gitaa la besi, alinilalamikia. "Na blanketi langu ulilotundika ukutani kuzuia mwangwi, utalirudisha lini?" nikamrushia. Huyu hagusi gitaa kabla ya kunawa mikono na kufuta nyuzi moja moja, kama anayempangusa mtoto pua. Nikamfuata chumbani kwake, akarekodi mdundo uleule mfupi mara ishirini, macho kayafumba. Kisha akanivisha hedifoni.

Wimbo ukaanza, besi sikuisikia. "Iko wapi sasa?" Akaizima kwa kidole kimoja. Loo! Sauti ya mwimbaji ikabaki inaelea, kama mtu aliyevutiwa kiti akikaa. Akairudisha taratibu, kifua changu kikatulia. Nikaenda kuzima friji, nyama na iyeyuke.

"Na blanketi, mama?"

"Kaa nalo, mwanangu."