Uzi wa Pindo

Fundi cherehani alitandaza ramani kwenye meza ya kukatia. Yeye na mashoga zake wawili walipanga kuendesha baiskeli siku sita, kuchangisha pesa za vitanda vya wodi ya watoto. Akalaza uzi mwekundu juu ya barabara, kona kwa kona, taratibu kama anayeota, mpaka hospitali. Lakini mazoea yana taabu: akaongeza kipande kidogo cha pindo, kama afanyavyo kwenye nguo, ndipo akakata.

“Shoga, hospitali umeipita!” mwenzake akacheka.

Fundi akaitazama ncha ya uzi. Ilikuwa imelala juu ya mji wa mama yake, ambako hajakanyaga tangu wagombane, miaka tisa sasa.

“Basi nyinyi mtageuza,” akasema polepole. “Mimi nitasogea mbele kidogo.”