Mchicha wa Shangazi na Mvua ya Kutapisha Vyoo

Sie tuliokulia Tabata bondeni tunajua mvua ilivyokuwa tamu. Wingu likitanda upande wa Pugu, tulivua mashati kabla tone la kwanza halijadondoka. Tulicheza kombolela kwenye matope, tukashindanisha vifuniko vya ndoo kwenye mfereji unaokwenda mtoni, na ndani Mama alikuwa akikaanga mihogo. Madogo wa siku hizi mvua ikinyesha wanajikunja kwenye kochi na simu, wanarekodi mafuriko ya mtaa wao wenyewe kama watalii.

Lakini nimechoka kusikia wenzangu wakiisimulia mvua ile nusu. Nusu ya pili mnaijua. Ikishakolea, tuliitwa ndani. Baba alichukua koleo, jirani akaleta tindo, wakatoboa shimo la choo upande wa mfereji. Kutapisha choo, ndivyo tulivyosema, bila haya, kama mtu anavyosema anakwenda kufua. Gari la kunyonya lilikuwa haliingii kichochoroni kwetu, kwa hiyo mtaa mzima ulingoja masika. Harufu ikipanda, Mama alifukiza udi na kufunga dirisha. Nikiuliza uchafu unakwenda wapi, Baba alikuwa na jibu moja tu: “Baharini. Bahari haijai.”

Sikuridhika. Kati ya choo chetu na bahari kulikuwa na Kigogo, na Kigogo aliishi Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, aliyelima mchicha ukingoni mwa mto uleule. Aliumwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya mto. Kila Jumamosi alituletea mafungu mawili matatu, majani mapana, yamenawiri. Mama aliyaunga kwa nazi, na Baba akasifu kwamba hakuna mchicha kama wa dada yake. Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilisema mkekani kwamba tunakula choo chetu wenyewe. Nikala kofi. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

“Mwacheni mwanangu,” alisema. “Huyu atakuja kuwa hakimu.”

Sikuwa hakimu. Nilisoma chuo, nikajifunza kwamba majitaka yakikusanywa na kutulizwa kwenye mabwawa, jua na vijidudu huyasafisha kabla hayajaachiwa mtoni. Si uchawi. Ni mabomba, mabwawa, na watu wa kuyatunza. Hadi leo bomba hilo halijafika kwetu. Kilichofika ni maghorofa, yenye vyoo vya kuvuta na vigae vinavyong'aa, na nyuma ya ukuta wa kila ghorofa kuna bomba linaloelekea mferejini. Zamani walitapisha wasio na uwezo, tena mvua ikinyesha. Siku hizi wenye uwezo wanatapisha jua likiwaka, kisha wanatufundisha usafi.

Masika ya mwaka jana kipindupindu kiliingia Kigogo, na Shangazi akalazwa. Alipotoka hospitali alikuta matuta yake yamefyekwa. Walikuja watu wa manispaa na mapanga, wakatangaza kwamba mchicha wa mtoni ni hatari. Ni kweli, ni hatari. Lakini mbona hakuna aliyepanda huku juu kuziba bomba hata moja? Aliyechafua mto analala kwake. Aliyeunywesha mchicha ndiye aliyefilisiwa.

Ndiyo maana Shangazi sasa anaishi kwetu. Mwaka huu, mvua ya kwanza ilipopiga bati, Baba alisimama kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye koleo. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Shangazi akaniwahi, bila kuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

“Kaka, ulisema bahari haijai?”

Baba akamgeukia, koleo mkononi.

“Imejaa. Imenirudisha mimi hapa kwako.”

Koleo likarudi ukutani. Jioni ile tulikula maharage, maana mchicha wa Jumamosi haupo tena. Natamani nirudi kwenye mvua ile ya utotoni, na vifuniko vyetu vya ndoo, kabla sijajua vinaelea juu ya nini. Sasa najua. Nje, bomba la ghorofa la jirani lilikuwa linamwaga, na watoto wake walikuwa dirishani, wanairekodi mvua.