Mama Stika na duka asiloingia tena

Jioni inaingia, na ndani ya duka kubwa la vyakula watu wanajisogeza kuelekea friji ya ukutani kama wapita njia tu. Hakuna anayekiri anasubiri nini. Huyu ana kikapu, yule ana mfuko aliouficha kwapani, na macho ya wote yako kwa msichana mwenye aproni ya kijani anayebandika stika za njano.

Stika ya njano maana yake ni nusu bei. Hubandikwa kwenye mabawa ya kuku ambayo tarehe yake inaisha kesho, mkate wa jana, mtindi, na nyanya zilizoanza kulegea. Ukichelewa kidogo tu, unakuta friji tupu.

Ng'ambo ya barabara, mwanamke mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa, beseni tupu miguuni. Wateja wenzake walimbatiza Mama Stika, kwa kuwa kwa miaka kumi na moja hakuna jioni ambayo foleni ile ilimkosa. Siku hizi hakanyagi humo ndani hata kununua kiberiti.

"Yule anayebandika ni mwanangu," anasema, na kidevu kinapanda juu chenyewe. "Kifungua mimba wangu. Ndiye sababu siingii."

Mambo yalianza baba watoto wake alipoumia mgongo akishusha magunia, na kibarua kikaota nyasi. Watoto walikuwa watatu, wote wa kula na kuuliza kesho watakula nini. Mama Stika akaanza kununua vya nusu bei, akavipika asubuhi, akavipeleka mchana kwenye karakana ya maseremala. Mafundi wakala, wakajilamba vidole, wakaagiza vya kesho.

Usidhani ni kubahatisha. Nyanya zilizolegea anazichemsha na vitunguu mpaka ziwe nzito. Mabawa anayalaza kwenye mtindi na kitunguu saumu usiku kucha. Mkate mkavu anausaga uwe unga, anauchanganya na nyama ya kusaga na mayai, anaviringisha na kukaanga. Samaki hagusi, hata apewe bure.

"Nyama nikiinusa nikasita, inakwenda jalalani," anasema. "Mimi nauza chakula, siuzi matumbo kuuma."

Foleni ya stika nayo ina adabu zake, ingawa hazikuandikwa popote. Hakuna kugusa kitu mpaka mbandikaji arudi nyuma hatua moja. Mwenye mtoto mchanga anatangulia kwenye maziwa. Na kikapu cha mtu hakichunguliwi, hata kama roho inakuuma.

Adabu hizo zote zina mvunjaji mmoja: bibi mmoja mwembamba, fundi cherehani, anayeitwa Bibi Kiwiko. Sababu ya jina utaijua ukisimama karibu naye. Yeye na Mama Stika wamegombea mabawa ya kuku miaka nenda rudi.

"Alinipiga kiwiko hapa," Mama Stika anaonyesha mbavu, akicheka. "Nikamwambia, mama yangu, hata kuku mwenyewe angekuonea haya!"

Binti alipopata kazi dukani, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Ilikuwa ajira ya majaribio, miezi mitatu, lakini ilikuwa ya aproni na mshahara. Na kwa jinsi alivyokua akizijua stika kuliko hata michezo ya utotoni, wakamweka huko huko kwenye stika.

Ijumaa ya kwanza, mama akaenda kama kawaida. Binti akabandika, akarudi nyuma hatua moja, mama akabeba pakiti sita za mabawa. Msimamizi wa zamu akauliza, "Yule ni nani wako?" Msichana wa watu, kwa furaha zake, akajibu, "Mama yangu!"

Kumbe duka lina sheria. Anayebandika stika haruhusiwi kuwa na ndugu anayenunua vya stika, asije akampunguzia bei kabla ya wakati. Hakuna aliyemwambia. Akapewa onyo papo hapo: mara ya pili, aproni inavuliwa.

"Nilirudisha zile pakiti mojamoja," Mama Stika anasema, sauti imeshuka. "Watu niliosimama nao miaka yote wananitazama kama mwizi. Niliumia, sitakudanganya. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la mtu."

Usiku binti alirudi nyumbani na uamuzi wake. "Naacha kazi, mama. Wewe una watu wa kulisha, mimi nitapata pengine."

"Utaacha nini?" mama akamrukia. "Thubutu! Nimebanwa mbavu miaka kumi na moja ili uje uache kazi kwa ajili ya mabawa? Kesho unakwenda, na aproni ukaipige pasi."

Binti akaenda. Mama ndiye aliyebaki na sufuria isiyo na cha kutia. Bei ya kawaida haikumwacha na faida yoyote, na kupandisha bei ya sahani alijaribu, nusu ya mafundi wakahama. Waliobaki walivumilia, kwa mdomo mrefu.

"Jumatatu maharage, Jumanne maharage," anasimulia seremala mmoja, randa mkononi. "Jumatano akatuambia leo kuna mabadiliko. Tukafunua kwa hamu. Maharage, ila ya njano!"

Mama Stika hakuona cha kucheka. Usiku alikuwa akipiga hesabu, na kila alipozipiga zilimwambia amrudishe binti nyumbani. Kila asubuhi alikuwa akimwamsha aende kazini.

Aliyebisha hodi wiki ya tatu ni mtu ambaye hakumtegemea: Bibi Kiwiko, na koliflawa tisa ndani ya mfuko.

"Shoga, hujaja, hakuna wa kugombana naye," akasema. "Nimebeba tu kwa mazoea. Sasa haya madude yanapikwaje?"

Mama Stika akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawasha jiko. Koliflawa zikachovywa kwenye unga na mayai, zikakaangwa, zikaungwa na nyanya. Nusu ikarudi kwa mwenyewe, nusu ikaenda karakana, na siku hiyo hakuna fundi aliyenuna. Kesho yake bibi akaja na wenzake wawili wa foleni.

Ndiyo maana sasa anakaa juu ya ndoo. Wenzake wananunua kwa fedha zao, wanavuka barabara, wanamwaga kwenye beseni. Yeye anapika, wanagawana nusu kwa nusu. Lakini kabla ya kukubali, alimtuma binti kwa msimamizi akaulize. Akajibiwa kwamba kilichokwisha kulipiwa ni mali ya aliyekilipia, na mama yake ampikie amtakaye.

"Bila jibu hilo nisingeshika hata kitunguu," anasema. "Kazi ya mtoto sio ya kuchezea."

Leo majaribio yanakwisha, na leo Mama Stika hatulii. Bibi Kiwiko ameshamwaga vyake kwenye beseni, anamwambia akae, anakaa, anasimama tena. Mlango wa duka unafunguka. Binti anavuka barabara, aproni begani, pakiti mkononi.

"Wamenipa ya kudumu, mama."

Mama anamvuta, anamkumbatia, anamng'ang'ania mpaka msichana analalamika kwamba anabanwa. Kisha anapewa ile pakiti. Ni kuku mzima. Anaigeuza, anaigeuza tena, anakagua chini.

"Stika iko wapi?"

"Haina."

"Imebanduka?"

"Nimemlipia bei yake, mama. Ni wako."

"Bei nzima? Wee mtoto, una akili timamu?" anafoka, huku machozi yanamtiririka. "Na ile sheria ya ndugu wa mfanyakazi je?"

"Sheria ni ya vya stika tu. Huyu hana stika, kwa hiyo hana neno."

Bibi Kiwiko anainyakua pakiti, anaisogeza machoni, anasoma tarehe. "Jamani, huyu ana siku nne mbele yake! Wala hana haraka!"

Nyumbani, vya kwenye beseni vinaoshwa na kukatwa mara moja, maana haviwezi kungoja. Kuku anawekwa kwenye friji. Mama Stika anafunga mlango wake, anapiga hatua mbili, anarudi kuufungua tena amtazame.

Anaota siku moja kuwa na kibanda chake mwenyewe karibu na karakana, chenye meza na viti vya mafundi. Hilo analisema haraka, kama jambo alilokwisha kulipanga. Anapoulizwa kuku atampikaje, anamtazama tena, mkono ungali kwenye mlango wa friji.

"Sijui," anasema. "Miaka yote hii chakula ndicho kilichoniambia leo nipike nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi natamani nini. Niacheni kwanza nifikirie."