Akiba ya Mshono

Wateja walimwita Fundi Akiba, kwa sababu hakushona nguo bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. "Mwili hauna mkataba na mtu," aliwajibu waliomcheka. "Leo unanenepa, kesho unakonda."

Mkewe alipougua, gauni lake la bluu likaanza kumpwaya. Fundi akalipunguza mbavuni, lakini hakukata kitu. Likapwaya tena, akapunguza tena, mpaka mshono ukawa mnene kama kamba.

"Si ukate tu, baba watoto?" mkewe alimwambia.

"Na ukinenepa?"

"Na nisiponenepa?"

"Ndiyo maana napunguza, mke wangu."

Wakacheka, kila mmoja akijikaza.

Kisha mkewe akawa mtu wa kulala tu. Asubuhi moja, alipokuwa akimgeuza kitandani, fundi aliona ule mshono umemchubua ngozi. Alimvua gauni, akaketi kwenye cherehani, akakata kitambaa chote cha ndani, akalainisha mshono, akaja kumvalisha.

Mkewe alipapasa ubavu wake, asipate cha kushika. Akamtazama mumewe.

"Ahsante, baba watoto," akasema. "Sasa limenikaa."