Malkia Aliyetangulia Kuchanjwa

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili nilipogundua kwamba mimi ni mwoga. Kabla ya hapo nilijihesabu miongoni mwa majasiri. Niliwahi kukimbia vita Uvira nikiwa nimembeba mdogo wangu wa kike mgongoni, nikakaa kambini miaka mingi, nikafika Sydney nikajifunza Kiingereza na kupata kazi ya kutunza wazee. Watu wa kanisa letu pale Merrylands waliponiita shujaa, sikuwakatalia.

Kisha figo za mdogo wangu zikashindwa kazi. Alikuwa akiishi Campbelltown na binti yake wa miaka kumi na mmoja, akifanya kazi ya kupanga mizigo ghalani. Sasa mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na akitoka pale alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Walipotupima, daktari akasema figo yangu inamfaa. Nilijibu palepale, "Chukueni hata leo." Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza kanisani. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisimama, nikainua mkono, nikatabasamu.

Nilikuwa na siri. Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu aliingizwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya ngiri, jambo dogo tu, akatoka amefunikwa shuka mpaka kichwani. Sikupata kumwambia mtu jinsi nilivyoliogopa shuka lile. Tangu siku ya vigelegele likaanza kunifuata. Nikitandika vitanda vya wazee kazini, niliishia kulivuta shuka hadi katikati ya kitanda tu. Jamaa wakapiga simu kutoka nyumbani: "Usikubali. Anayetoa kiungo hutangulia kufa." Niliwacheka kwenye simu. Nikishakata, nilikaa chini.

Katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi, karibu na Westmead, kulikuwa na mama wa miaka tisini na moja. Alizaliwa Uchina kwa wazazi Warusi, akaja Australia akiwa msichana, akafundisha historia hadi alipostaafu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, kwa hiyo kila alasiri, baada ya kumpa chai, nilimsomea robo saa kitabu kinene cha maisha ya malkia mmoja aliyeitawala Urusi katika karne ya kumi na nane. Kiingereza changu kilijikwaa. Yeye alinisahihisha kwa kugonga mkono wa kiti.

Nilishangaa kusikia kwamba malkia huyo hakuwa Mrusi hata kidogo. Alikuwa binti wa Kijerumani, aliyepelekwa huko akiwa na miaka kumi na minne ili aolewe na mrithi wa kiti cha ufalme. Alijifunza lugha yao kwa bidii, akitembea chumbani pekupeku usiku na karatasi mkononi, mpaka kifua kikamshika akakaribia kufa. Wakambadilisha dini, wakambadilisha na jina.

"Kama sisi wakimbizi," nikasema.

"Mkimbizi hukimbia," yule mama akanijibu. "Huyu alipelekwa kama mzigo. Lakini kuogopa aliogopa vilevile. Soma."

Nikasoma. Mumewe hakumpenda. Alipoanza kutawala tu, mkewe akaona atatupwa kando, pengine atafungwa. Siku moja mume akiwa mbali, mke akavaa sare ya askari, akapanda farasi, akaongoza jeshi na kutwaa kiti. Siku chache baadaye mume akafia mikononi mwa walinzi.

"Aliamuru auawe?" nikauliza.

"Hakuna aliyemwona akitoa amri. Wala hakuna aliyemwona akimwadhibu mtu."

Sikumpenda. Nilizidi kutompenda tulipofika kwenye habari za wakulima waliouzwa pamoja na mashamba yao, na malkia, ambaye alipenda vitabu vinavyosifu uhuru, akiwagawa wengine kwa vipenzi wake kama zawadi. Nilifunga kitabu. Yule mama akasema, "Humpendi. Vizuri. Hata mimi simpendi kila siku. Ila kesho tutafika kwenye ndui."

Kesho yake nilikuja nimechoka, sikuwa nimelala. Zilibaki wiki mbili kabla ya upasuaji. Nikaanza kusoma.

Ndui ilikuwa ikiua watu bila kuchagua, na malkia aliiogopa tangu utoto. Kulikuwa na njia ya kuikinga: unatoa usaha kwa mgonjwa, unamtia mtu mwenye afya kwenye mkwaruzo, anaugua kidogo, anapona, haugui tena. Lakini wengine hawakupona. Malkia akaita daktari kutoka Uingereza. Daktari akaomba awajaribu watu wengine kwanza. Malkia akataka achanjwe yeye kwanza. Akachanjwa kwa siri, na farasi wakawekwa tayari njiani mpaka mpakani, ili malkia akifa daktari atoroke kabla Warusi hawajamrarua.

"Hata daktari aliogopa," nikasema.

"Yeye zaidi ya wote. Lakini wewe endelea, kuna mtu hujamfikia."

Mtu huyo alikuwa mtoto mdogo mwenye ndui, ambaye usaha ulitolewa kwake. Nikasoma kwamba watu wa kule waliamini jambo moja: anayetoa usaha kwa ajili ya mwingine lazima afe.

Nikausoma mstari ule mara tatu, sikuendelea. Yule mama akageuza uso wake usioona kuelekea kwangu.

"Una nini?"

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia: figo, shuka, simu za jamaa. Hakunipa pole. Akauliza, "Yule mtoto alikufa?"

Nikatafuta kwenye ukurasa. "Hakufa. Malkia alipona, na mtoto alipona. Wakampa cheo cha ukabaila."

"Basi sasa unajua hilo," akasema. "Halikuondolei woga. Ni habari tu."

Kweli, halikuniondolea. Siku nne kabla ya upasuaji niliitwa hospitali kwa mazungumzo ya mwisho. Daktari mmoja, mwanamke mpole, alifunga mlango tukabaki wawili. Akasema, "Unaweza kujitoa hata sasa. Mdogo wako hataambiwa sababu. Tutamwambia tu kwamba hufai kutoa figo."

Kumbe kulikuwa na mlango wa kutorokea. Sikuwa nimejua kwamba kuna mlango. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Naomba nifikirie," nikatoka, nikaenda stesheni nikiwa karibu nakimbia.

Kituo cha nyumbani kwangu, Merrylands, kiko karibu sana. Sikushuka. Treni ikaendelea, na mimi nikatazama uzio na mapaa yakipita, nikipanga uongo: nitasema wameona kitu kwenye damu. Nilipanga mpaka sura nitakayoiweka. Nikabadili treni Glenfield, na nilipofika Campbelltown nilikuwa na uongo kamili, hauna tundu.

Mdogo wangu alifungua mlango. Ilikuwa siku yake isiyo na mashine, alikuwa amejifunga kitenge anachambua sombe, majani ya muhogo. Uso umevimba. Akanitazama.

"Kaka, umekuja kuniambia hutaki."

Uongo wote ukapotea. "Naogopa," nikasema. "Naogopa kufa kama mjomba. Wamenipa ruhusa ya kujitoa, na wewe usingejua kamwe."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Kisha akasema, "Mimi kila siku naomba ujitoe."

"Unasema nini?"

"Ukifa kwa ajili yangu, nitaishije na figo yako ndani? Nitakuwa nakunywa maji nikijua nanywesha maiti. Nimeogopa kukuambia kwa sababu naogopa pia usije ukakubali kujitoa." Akaanza kulia. "Sitaki ufe. Na sitaki kufa. Sasa nifanyeje?"

Binti yake akatokea nyuma yetu, akatuuliza kwa Kiingereza nani amekufa. Tukajibu kwa pamoja kwamba hakuna. Akatutazama kwa mashaka, akachukua bakuli la sombe akaenda kuosha.

Tulikaa pale hadi jua likahama ukutani. Hatukuamua kwa maneno. Nilimpigia daktari simu nikiwa nimeketi kando yake, nikasema nitakuja, na mdogo wangu alikuwa ameshika shati langu kama alivyolishika njiani kutoka Uvira.

Asubuhi yenyewe sikuwa shujaa. Waliponisukuma nikiwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji, nilitapika. Muuguzi Mkenya akaniinamia akasema kwa Kiswahili, "Pole, tuko na wewe." Nilimwuliza kama shuka litanifika kichwani. Akadhani nasikia baridi, akanifunika vizuri. Nilipiga kelele. Ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka.

Niliamka na kiu na maumivu ubavuni. Nilipojua niko hai nilicheka, na kucheka kukaniuma. Lakini woga ulikuwa haujaisha, ulikuwa umehamia kitanda kingine tu. Figo ndani ya mdogo wangu haikutoa kitu. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Madaktari wakasema imelala, hutokea, tungoje. Nikajikokota mpaka chumbani kwake nikakaa nikiutazama mfuko mtupu wa mkojo uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda. Siku ya tatu alirudishwa kwenye mashine. Siku ya nne, hakuna vilevile. Siku ya tano, asubuhi, muuguzi akauinua mfuko kwenye mwanga, na chini kabisa kulikuwa na mkojo wa kujaa vijiko viwili, wa rangi ya chai. Mdogo wangu akafunika uso akalia kwa sauti. Kufikia jioni mfuko ulikuwa umejaa.

Miezi miwili baadaye nilirudi kanisani. Mchungaji akaniita mbele nimshuhudie Mungu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, lakini nikayaacha. Nikawaambia kwamba nilitaka kukimbia, kwamba niliandaa uongo ndani ya treni, kwamba nilipiga kelele kwa sababu ya shuka. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Baada ya ibada, mama mmoja mtu mzima, tunayemheshimu wote, mkali wa maneno, alinivuta nyuma ya magari. Akanong'ona kwamba ana uvimbe kwenye titi, mwaka sasa, na hajamwonyesha mtu.

"Wewe ulipoogopa ulifanyaje?" akaniuliza.

"Nilienda hivyohivyo nikiwa naogopa, mama."

"Basi kesho unipeleke."

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Tulipokuwa tumeketi tukingoja aitwe, alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia, na wala sikumwambia alegeze.