Mama Machozi na Yule Mdogo

Mikono ya gauni la bi Mwatum ilikuwa imepachikwa nyuma mbele, na aliyeipachika si mwanagenzi. Ni Praxeda mwenyewe, fundi cherehani ambaye mabibi harusi wa Makorora wamepita mikononi mwake, mama kisha binti. Akafumua, akashona upya, akaipachika vilevile. Ndipo akasukuma kiti, akasimama barazani mikono kiunoni, akaitazama barabara kama mtu anayengoja mgeni asiyemtaka. Jamani! Mtu mzima mwenye wajukuu, hatulii, hali, halali, na ukimwuliza ana nini atakwambia ni uzi huu, siku hizi uzi haufai. Uzi haukuwa na kosa lolote. Kilichomsumbua ni sinema.

Kule Usagara, nyumbani kwa mzee Hatibu, Mpemba aliyestaafu kazi ya forodha, hukutana kila Jumapili alasiri watu wazima wachache wenye ugonjwa mmoja: wamekataa kukubali kwamba sinema za Kihindi za zamani zimepitwa na wakati. Kihindi chenyewe hawajui hata cha kuombea maji, lakini nyimbo wanazo, tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Bi Mwatum, jirani yake Hatibu na Mpemba mwenzake, akianza kuimba, mtaa utake usitake utasikiliza. Majina ya wachezaji waliyapachika wenyewe tangu ujana wao, na ndiyo wanayoyajua mpaka leo. Yupo Kidevu, yupo Mkono Mzito, na juu ya wote yupo Mama Machozi, mama wa kila stelingi, ambaye sinema haijafika nusu ameshalia mpaka kope zimevimba.

Kila mwaka huchagua mchezaji mmoja wakamfanyia sherehe. Huvaa alivyovaa, hupika, huimba nyimbo zake, na hubishana mpaka wengine wakanuniana hadi Jumapili ya pili. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Mama Machozi. Kwa kuwa yeye siku zote huvaa nyeupe, Praxeda alitwishwa mzigo wa kuwashonea wenzake wote nguo nyeupe. Ndiyo hayo magauni yaliyokuwa yakimshinda.

Sasa, sinema kubwa ya Mama Machozi ni ile ya mafuriko, na hiyo ilikuwa haipatikani. Wametafuta wee, wamechoka. Lakini hawakulia njaa, maana walikuwa na Praxeda. Yeye hakuwahi kuiona na wala hakuficha hilo. Alisimuliwa na kaka yake Laurenti akiwa mtoto, na jinsi alivyosimuliwa ndivyo naye huwasimulia wenzake kila mwaka, maji yakivuma, farasi wakitimka, mama akipoteana na mwanawe. Mwishoni mama amepofuka, yu mahututi kitandani. Stelingi anaingia. Mama anampapasa uso, anamshika sikio, anamtaja kwa jina lake la utotoni. Halafu anauliza, "Na yule mdogo, kala?"

Hapo baraza zima hujibu kwa pamoja, "Kala, mama, kala!" Kisha leso zinatoka. Hulia zaidi Edgar, fundi magari mstaafu, mtu mwenye mikono kama makasia. Huyo alikulia kambi moja ya mkonge na Praxeda, na alikuwa na Laurenti siku walipoingia sinema. Husema aliiona ile ya mafuriko kwa macho yake haya mawili.

Basi mwaka huu Rahila, binti yake Hatibu anayefanya kazi Maskati, akaipata kwa Mhindi mmoja wa kazini kwake, akaituma kwenye flashi. Hatibu alipowatangazia, bi Mwatum alipiga kigelegele. Praxeda alisema alhamdulillahi, yeye Mkatoliki, jinsi alivyobabaika.

Tangu hapo hakukalika. Alimwendea Hatibu, akamwamkia shikamoo, akamshauri flashi ikapimwe kwanza, virusi ni vingi. Hatibu akamwambia imeshapimwa. Akarudi na hoja kwamba nguo hazitakuwa tayari, bora sherehe isogezwe. Bi Mwatum akasema yeye atavaa hata shuka. Jumapili asubuhi kwenye misa, badala ya kuombea marehemu, Praxeda aliomba umeme ukatike. Umeme ambao hukatika ukiwa ndio kwanza umeshika pasi!

Nikwambie kilichokuwa rohoni mwake, maana yeye hakumwambia mtu.

Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge huko nyuma ya Pongwe. Baba yake alikuja na manamba kutoka Songea, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mama yake, Bibiana, alianika nyuzi. Praxeda akiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, mama akaugua, akapelekwa hospitali ya mjini, na watoto wadogo walikuwa hawaruhusiwi wodini. Akaenda Laurenti, kijana ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika, kwa baiskeli, yeye na Edgar. Praxeda alibaki peke yake tangu asubuhi, baba yuko shambani.

Waliporudi jua lilikuwa linazama. Laurenti akachuchumaa mbele yake, akamwambia mama kamtambua, kamshika sikio, kauliza, "Na yule mdogo, kala?" Mtoto akaanza kulia. Laurenti akamkalisha kwenye mbuzi ya nazi, akampa nazi akune, akamwambia wamepitia sinema, na ataisimulia yote. Akaisimulia, mpaka mwisho, ambako mama wa sinema naye aliuliza neno lilelile. "Unaona?" akamwambia. "Mama wote ndivyo walivyo."

Wiki ileile Bibiana akafariki.

Swali hilo ndilo lililomlea Praxeda. Mama wa kambo alipomnyima ukoko, alijua yuko mtu aliyeuliza. Alipoolewa, alipofiwa na mume, alipolala na chai ya rangi ili wanawe wapate uji, alijua yuko mtu aliyeuliza. Ila alipokuwa mtu mzima akili ikaanza kumchokonoa. Mama wawili, swali moja, siku moja? Laurenti alilitoa wapi? Kama lilikuwa la mama, akaliingiza kwenye sinema kumbembeleza mtoto, sawa. Lakini kama lilikuwa la sinema, akalitia kinywani mwa mama, basi Praxeda ameishi kwa maneno ya kuigizwa, na mama yake mzazi hakuuliza kitu. Laurenti alikwishafariki zamani, homa ilimchukua akiwa Korogwe, na Praxeda hakuwahi kumwuliza. Edgar yupo, lakini naye hakumwuliza. Aliogopa. Sinema ilikuwa haipatikani, na hilo likawa ndiyo nafuu yake. Leo imepatikana.

Alasiri umeme uliwaka kwa ukaidi. Wakaketi sebuleni kwa Hatibu, weupe watupu, ungedhani maulidi, visheti vya bi Mwatum vikizunguka kwenye sinia. Nyimbo zilipoanza waliimba wakaizidi televisheni. Mama Machozi alipotokea walisimama wakampigia makofi kama vile anawaona. Mafuriko yakaja, mtoto akachukuliwa na maji, na bi Mwatum akamkemea mto kwa Kipemba kana kwamba utasikia.

Praxeda hakuimba. Alikuwa anamngoja yule mdogo.

Stelingi akakua, mdogo hajaonekana. Akapenda, akapigana, akafungwa jela, mdogo hayupo. Praxeda alikaa ukingoni mwa kiti, leso ameisokota imekuwa kamba. Hatibu alianza kunung'unika kwamba mdogo kachelewa. Bi Mwatum akamnyamazisha, atakuja, subirini. Picha ikafika mwisho. Mama kitandani, kapofuka, mahututi. Stelingi anaingia mbio. Anamwita. Mama kimya. Anamwita tena, anaushika mkono wake, na mkono unaanguka. Hakumpapasa, hakumtaja, hakuuliza. Muziki ukalia, maandishi yakapanda, kwisha.

Ungeona zogo lililozuka. Hatibu, mwenye sauti ya kukagua mizigo, akatangaza kwamba imekatwa. Bi Mwatum akaapa kwamba yeye aliiona onyesho la kina mama, na mdogo alikuwepo, tena alivaa gauni la madoa. Mwingine akasema hawa watu wa siku hizi hukata ili wapunguze urefu. Kwanza lini Mama Machozi alikufa bila kusema neno? Walikuwa tayari kumpigia Rahila simu Maskati akamrudishie Mhindi flashi yake. Kumbe walikuwa wanaitetea sinema ya Laurenti, wala hawakujua.

Praxeda peke yake ndiye aliyekuwa akicheka. Alicheka huku anafuta macho, moyo mwepesi kama mtu aliyetuliwa kuni. Neno halikuwemo! Mdogo hakuwemo! Basi lilikuwa la mama. Laurenti alilitoa wodini, kwenye kinywa cha Bibiana, akalibeba mpaka kambini. Miaka yote hii alijitesa bure.

Akamtafuta Edgar wasaidiane furaha, akamkosa kitini. Alimkuta barazani, ameegemea nguzo na kanzu yake nyeupe mpya, anatazama viatu.

Akamwambia yote pale pale, harakaharaka, maneno yakikanyagana: hofu yake, misa, umeme, na sasa raha hii. Kisha akamwuliza lile ambalo tangu utoto hakuthubutu.

"Wewe ulikuwepo, Edgar. Mama aliuliza, sivyo?"

Edgar akatazama tena viatu. Praxeda akaona taya yake inavyokwenda, mtu anatafuna bila chakula, na kicheko kikamkauka. Ndani walikuwa bado wanabishana habari ya gauni la madoa.

"Niambie tu," akasema. "Mimi si mtoto."

"Mama yako hakumtambua," Edgar akasema. "Alikuwa hajui mtu. Laurenti alimwita sana, mpaka muuguzi akatutoa."

Praxeda akakaa kwenye ngazi. Nguo nyeupe, ngazi ya vumbi, hakujali. Roho ilimchoma kama ameunguzwa na pasi, na hasira ikampanda, sijui juu ya nani. Juu ya kaka yake aliyemdanganya? Juu ya Edgar aliyenyamaza miaka yote, akilia leso nzima kila mwaka kwa jambo ambalo alijua si kweli? Akamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Akamwuliza na ile sinema basi aliionaje kwa macho yake mawili, kama mwisho wake haumo.

Edgar akakiri kwamba mwisho hawakuuona. Walitoka hospitali, Laurenti hakutaka kurudi nyumbani na habari ile, wakaingia sinema ili ajifiche gizani. Walikaa mpaka katikati. Mwisho wa picha Edgar aliupata kwa Praxeda, kama wengine wote, na kwa kuusikia kila mwaka akafika mahali hajui tena kipi alikiona na kipi alisimuliwa.

"Kwa nini mlitoka katikati?"

"Alisimama ghafla," Edgar akasema. "Akaniambia twende, yule mdogo hajala. Njia nzima, Praxeda, mpaka Pongwe, juu ya baiskeli, hakusema jingine. Kila kilima ananiuliza mimi, kana kwamba najua: na yule mdogo, kala?"

Praxeda alikumbuka nazi ile. Alikumbuka kwamba ilikuwa imefungwa kwenye shati la Laurenti, na mhogo pamoja nayo, na kwamba kabla ya habari za mama na za sinema alimwambia afungue kinywa, akamlisha mhogo mbichi kwa mkono wake, maana alikuwa hajala tangu kulipokucha. Jambo hilo hakuwahi kulitia kwenye masimulizi yake. Aliliona dogo mno.

Bi Mwatum akatoa kichwa mlangoni. Akawauliza wanafanya nini nje kama wachumba, watu wanangoja, Hatibu ameamua televisheni izimwe na Praxeda amalizie inavyotakiwa, Mama Machozi hawezi kuagwa kwa picha iliyokatwa. Praxeda akajipangusa vumbi, akaingia. Edgar akamfuata, akabaki kizingitini.

Akasimulia. Alianzia pale mama anapolazwa kitandani. Sauti ilimgoma mara moja akakohoa, na wenzake wakadhani ndio utamu wenyewe. Stelingi akaingia, mama akampapasa, akamshika sikio, akamtaja jina. Watu wakashika leso, wakavuta pumzi, tayari kujibu.

"Na yule mdogo, kala?"

Kabla hawajafungua vinywa, Praxeda aliinua mkono kuwazuia. Leo alitaka kujibu mwenyewe.

"Kala, kaka," akasema. "Kala."